Pilau ya saa tisa, lawama kwa mhudumu

Mhariri,

Mlaji akiletewa pilau mbovu hotelini, wa kwanza kugombezwa ni mhudumu. Sisi tunaoshinda jikoni tunajua kwamba kosa huwa limeshafanyika saa kadhaa kabla sahani haijafika mezani, na dalili zake zinaonekana.

Tazama ukingo wa sahani. Ukiona utando mweupe pale wali unapoishia, hayo ni mafuta ya ng'ombe yameganda, nayo hayagandi mpaka yapoe hadi karibu na joto la mwili wa mtu. Chakula kinachosubiri wateja kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60. Kumbe hapo sufuria moja ya kilo 10 iliiva saa 5 asubuhi na bado inachotwa saa 9 alasiri. Kila kifuniko kinapoinuliwa mvuke unatoka: punje za juu zinakauka na kukakamaa, za chini zinalowa mafuta na kuwa bokoboko. Mteja wa saa 6 na wa saa 9 wanalipa bei moja kwa vyakula viwili tofauti.

Kinachotakiwa ni kupika mara mbili. Kilo 5 ziive saa 5 na nusu, kilo 5 nyingine saa 7 na nusu. Nyama ichemshwe yote asubuhi, na supu iendelee kutokota kwa moto mdogo. Mkupuo wa pili hautasubiri wateja zaidi ya muda wa saa moja na nusu. Mama lishe wengi hufanya hivyo kwa sufuria ndogo, ndiyo maana pilau yao huzishinda hoteli zenye vitambaa mezani.

Halafu rangi. Rangi ya pilau inatokana na kitunguu. Kwa kilo moja ya mchele weka vitunguu vikubwa 4 au 5, ukaange kwa dakika 15 hadi 20 huku unakoroga, mpaka viwe kahawia iliyokolea. Supu iwe karibu uimimine hapo hapo, kwa sababu kutoka kahawia hadi kuungua ni kufumba na kufumbua, na kitunguu kilichoungua kinatia uchungu sufuria nzima. Mpishi aliyechelewa hutoa vitunguu vikiwa bado vyeupe, kisha huficha kosa kwa kumimina viungo vya unga kwenye mafuta ya moto. Unga huo unaungua papo hapo. Ndiyo ile pilau nyeusi inayokwaruza koo na isiyo na harufu ya binzari nyembamba wala iliki.

Hatari zaidi ni pilau ya jana. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi wali ukipikwa. Wali ukiachwa mezani usiku kucha huzaliana, na sumu yake ya kutapisha haiondoki hata ukipasha moto mpaka uchemke. Wali uliobaki utandazwe kwenye trei, safu nyembamba, uingie kwenye friji ndani ya saa 2. Hoteli isiyo na friji ya kutosha ipunguze mchele, isibakize.

Sasa huduma. Menyu ina vyakula 20, jikoni vipo 5. Mhudumu anapokea oda ya samaki, anaipeleka kwa mdomo dirishani kukiwa na kelele, na baada ya dakika 25 anarudi na neno "ameisha". Kosa hapo ni la msimamizi. Uwekwe ubao karibu na dirisha la jikoni, uandikwe kilichopo na idadi ya sahani. Kilo moja ya mchele hutoa sahani 7 au 8, kwa hiyo kilo 5 ni sahani 35 mpaka 40, na kila inayotoka inafutwa. Oda iandikwe nakala mbili, moja jikoni na moja kaunta, ikiwa na namba ya meza na saa iliyopokelewa. Oda ya saa 7 isipitwe na ya saa 7 na robo.

Kachumbari itiwe chumvi na ndimu wakati wa kupakua. Ikitiwa asubuhi, nyanya zinatoa maji yote, na maji hayo ndiyo yanayolowesha wali.

Kwa mlaji: kabla ya kuagiza, uliza pilau imeiva saa ngapi. Ikija imepoa, irudishe kabla hujala, useme wazi kwamba ni ya baridi. Jikoni hatuwezi kujua kasoro ya sahani iliyorudi tupu.

Wapishi wawili,
Ilala, Dar es Salaam