Jango Hakuwa Bombomu Tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimtetee mwigizaji ambaye sisi wapenzi wa sinema wa Lindi tulimjua kwa jina moja tu, Jango. Kila inapotajwa filamu ya Django ya mwaka 1966, iliyoongozwa na Mwitalia Sergio Corbucci, vijana husimulia jeneza na bombomu lililofichwa ndani yake, kisha mazungumzo huishia kwenye kuhesabu maiti. Bombomu limo, sikatai, lakini kilichompa umaarufu Franco Nero, aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, ni kikubwa kuliko hicho.

Kauboi tuliyemzoea huingia akiwa juu ya farasi. Huyu anaingia kwa miguu, tandiko begani, akiburuta jeneza katika tope ambalo sisi tuliowahi kukwama kati ya Ndundu na Somanga kabla ya lami hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Hasemi mengi, macho yake ya buluu ndiyo yanayosema.

Katika banda la video nilikoiona mara ya kwanza, kelele zilikuwa nyingi kwa sababu sote tuliamini kwamba steringi hafi, mpaka maadui walipomponda mikono na farasi wakaikanyaga, nalo banda zima likanyamaza. Kule makaburini, akiwa ameegemea msalaba huku vidole vyake havishiki kitu, anang'oa kwa meno kipande cha chuma kinachokinga kifyatulio cha bastola ili aweze kuilenga kwa mikono hiyo hiyo mibovu, na uso wake hauonyeshi ushujaa wowote, bali maumivu na uchovu wa mtu ambaye dhahabu yake imekwisha kuzama.

Watengenezaji wa Italia walilibandika jina la Django kwenye filamu nyingi zisizohusiana nayo, na pengine ndiyo maana kwetu kila kauboi aliitwa Jango. Nero mwenyewe, mwaka 1967, alikuwa tayari ni Lancelot katika filamu ya Kimarekani, Camelot, licha ya watu kuzibeza filamu zilizomkuza kwa kuziita za spageti, yaani tambi (kana kwamba tambi si chakula).

Ukurasa wako wa burudani utakapomkumbuka tena, tafadhali liandikeni jina lake kamili, na wenye mabanda wasiizime picha mara bombomu linaponyamaza.

Mwalimu mstaafu,
Lindi.