Salamu niliyokutumia asubuhi ya Sabasaba

Ngamiani, Tanga
14 Juni 2026

Mpendwa Mama Njeri,

Pokea salamu zangu na za wote nyumbani. Mimi na watoto hatujambo, mama mkubwa bado anasumbuliwa na magoti lakini anaamka na kuswali kwa wakati, na Baba Salma anakuulizia kila apitapo hapa kuchukua gazeti. Nakuandikia kwa kalamu na karatasi kwa sababu jambo lenyewe limenishinda kwenye simu. Kila nilipoanza kuandika ujumbe niliufuta, na sasa mwaka unakaribia kutimia tangu tulipozungumza vizuri mara ya mwisho.

Jambo ni ile salamu ya Sabasaba. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 7 Julai mwaka jana, nilikuwa jikoni nachemsha chai ya tangawizi, mtangazaji wa redio anawatakia wasikilizaji sikukuu njema, nami nikachukua simu nikakutumia picha ya maua na maneno haya: “Heri ya Sabasaba, shoga yangu, Kiswahili kidumu.” Ulinijibu baada ya saa nyingi kwa sentensi moja tu: “Kwetu leo si siku ya heri.” Nilidhani umechoka, nikanyamaza ili upumzike, na kimya hicho kikarefuka kuliko nilivyokusudia. Mwezi Machi ndipo Baba Salma aliponisimulia kwamba wakati salamu yangu inakufikia, barabara za kuingia katikati ya Nairobi zilikuwa zimefungwa, kijana wa dada yako alikuwa ametoka alfajiri kwa miguu kwenda kibaruani, na simu yake ilikuwa haipatikani. Aliniambia pia kwamba kijana alirudi usiku wa siku ya pili akichechemea, na kwamba kabla ya hapo ninyi mlikwisha kupita mochwari mbili mkimtafuta.

Naomba unisamehe, Mama Njeri. Sikuombi msamaha kwa kutojua habari za siku ile, kwani zilikuwa bado hazijatufikia huku. Naomba msamaha kwa sababu ulikwisha kunisimulia Saba Saba ya kwenu miaka mingi iliyopita, tukiwa bwenini, umeme umekatika na Mwajuma anakoroma, nami nikaisikiliza usiku kucha, kisha nikaisahau kiasi cha kukutumia maua.

Tangu Machi nimekuwa nikiifikiria tarehe hiyo moja. Hata namna tunavyoiandika hatulingani: mimi naandika Sabasaba kwa neno moja, na wewe katika barua zako zote umeandika Saba Saba kwa maneno mawili. Kwangu neno hilo ni sikukuu, ni viwanja vya maonesho vya barabara ya Kilwa, ni marehemu baba akinishika mkono tusipotezane katikati ya umati, na ni yule ng’ombe mkubwa wa maziwa niliyemwogopa nikajificha nyuma ya kanzu yake. Enzi hizo ilikuwa pia sikukuu ya wakulima, kabla wakulima hawajapewa Nanenane yao ya tarehe 8 Agosti. Nilikua nikiamini kwamba mtu yeyote anayesema Kiswahili akisikia saba mara mbili moyo wake hufunguka.

Unajua chanzo chake kwetu. Tarehe 7 Julai 1954 wajumbe wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, walikutana Dar es Salaam, wakakigeuza chama chao, kilichoanza mwaka 1929 kama chama cha ustawi wa Waafrika, kuwa chama cha siasa kwa jina la TANU. Vitabu vyetu vya shule huwataja waanzilishi 17. Rais wao, Julius Nyerere, alikuwa na umri wa miaka 32 na bado alikuwa mwalimu wa shule huko Pugu. Jambo hilo hunigusa mimi niliyeshika chaki kwa miaka hii yote, kwamba mtu alikuwa anafundisha siku za kazi na kuipigania nchi kwa muda uliobaki, hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu. Katika bati la biskuti hapa nyumbani ninayo kadi ya TANU ya babu. Mikunjo yake imeshikizwa kwa karatasi ya gundi, na mahali pa saini kuna alama ya dole gumba kwa sababu babu hakujua kuandika. Aliingia chama ambacho viongozi wake walizungumza naye kwa lugha aliyoielewa bila mkalimani, na kwa mtu wa kijijini kwetu wakati ule, aliyezoea kuona shauri lake likisomwa kwa Kiingereza mbele ya bwana shauri, hilo halikuwa jambo dogo.

Ya kwenu nayaandika hapa ili uone kwamba safari hii nimeyashika, na unirekebishe nilipokosea. Tarehe 3 Mei 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, ambao wote wawili walikwisha kuwa mawaziri, waliwaita waandishi wa habari Nairobi na kudai kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi. Wakati huo kifungu cha 2A cha Katiba, kilichowekwa mwaka 1982, kiliifanya KANU kuwa chama pekee. Walipanga mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji siku ya Jumamosi tarehe 7 Julai, serikali ya Rais Moi ikakataa kutoa kibali, na tarehe 4 Julai wote wawili wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Watu wakaenda Kamukunji hata hivyo. Ghasia zilienea siku kadhaa hadi miji mingine, watu wakauawa, na zaidi ya elfu moja wakakamatwa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na afya yake haikurudi kamwe. Desemba 1991 kifungu kile kikafutwa.

Hayo yote yanapatikana maktaba. Lakini sikupata popote ulichonisimulia wewe bwenini: kwamba mlikuwa mnakaa Shauri Moyo, karibu kabisa na uwanja, ukiwa na miaka 12, kwamba mama yako aliondoa jikoni sufuria ya githeri, yale mahindi na maharage, na kumwagia moto maji ili moshi usionekane, akawalaza nyote sakafuni chini ya dirisha, na kwamba kaka yako aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na kiatu kimoja, macho yamemvimba kwa vitoa machozi, na bado mkono wake ulikuwa umenyanyua vidole viwili, ile alama ya vyama vingi, kana kwamba vimekakamaa havikunjiki. Ulisema mama yako alivishika vidole hivyo akavikunja kimoja kimoja bila kusema neno, kisha akamwosha uso. Nilikuuliza vitoa machozi ni kitu gani, maana sisi husema mabomu ya machozi, ukacheka kidogo, na hapo ndipo ulipolia. Nashangaa nafsi yangu ilivyoweza kuliweka jambo hili mbali kiasi kile.

Tena tarehe hiyo haikuishia 1990. Mwaka 1997 waandamanaji wa kudai mageuzi ya Katiba walifuatwa na polisi hadi ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, tarehe hiyo hiyo 7 Julai. Mwaka jana, miaka 35 baada ya Kamukunji, tume yenu ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu waliokufa zaidi ya 30. Nilipoisoma hesabu ile nilikumbuka maua yangu, nikalifunga gazeti.

Kuna jambo jingine ambalo nimelizungusha sana kichwani. TANU iliyozaliwa siku hiyo ili watu wasikike, ilikuja kuwa chama pekee cha Tanzania Bara mwaka 1965, nasi tukaishi hivyo hadi Julai 1992 vyama vingi viliporuhusiwa tena. Kwa hiyo siku ile kaka yako anakimbia Kamukunji kudai chama zaidi ya kimoja, mimi nilikuwa nimevaa sare ya chipukizi, watoto wa chama, natembea kwa gwaride kusherehekea kuzaliwa kwa chama. Silisemi hili kumshutumu babu na kadi yake. Nampenda, na naamini alichokitaka kwa kuweka dole gumba pale ndicho kaka yako alichokitaka kwa vidole vyake viwili. Ila sikuwahi kuyaweka mawili hayo mezani pamoja hadi mwaka huu, na ninaona nimechelewa.

Sasa nije kwenye ombi, maana barua hii ina ombi. Unajua kwamba UNESCO, katika kikao cha 41 cha Mkutano Mkuu wake kule Paris, tarehe 23 Novemba 2021, iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikiwa ndiyo lugha ya kwanza ya Kiafrika kupewa heshima hiyo, na tarehe yenyewe ikachaguliwa kwa sababu ya ile ya 1954, kwamba TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Julai 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaitambua. Mwaka wa kwanza wa maadhimisho, 2022, nililia mbele ya darasa zima, na wanafunzi wangu bado wananikumbusha. Kila mwaka shuleni kwetu tunaiadhimisha kwa ngonjera, mashairi, tamthilia fupi na wali wa nazi. Mwalimu Hamisi hushughulikia ngonjera ya waasisi na Mwalimu Eliza hushughulikia methali. Mwaka huu nimepewa mimi kuandaa ubao mkubwa wa ukumbini unaoeleza historia ya tarehe 7 Julai.

Nimekwisha kuubandika mara mbili na kuubandua. Mara ya kwanza niliweka TANU na UNESCO peke yake, kama tulivyozoea, nikasimama mbali kidogo, nikaona ni ubao wa watu ambao jirani yao hayupo. Mara ya pili niliongeza Kamukunji kwa mistari minne niliyoinakili maktaba, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, mtoto makini sana, akaniuliza: “Mwalimu, hii ya Kenya inahusiana vipi na Kiswahili?” Nilimjibu kwamba watu waliokwenda Kamukunji walitoka makabila mbalimbali na walisemezana kwa Kiswahili, akaitikia kwa adabu, lakini nilimwona hajaridhika, na mimi mwenyewe sikuridhika. Mtoto yule hahitaji mistari ya maktaba. Anahitaji kumsikia mama akimwagia maji moto wa githeri.

Ndiyo maana nakuomba, kama moyo wako unaruhusu, uniandikie ukurasa mmoja wa siku ile, kwa mkono wako na kwa Kiswahili chenu, usibadilishe neno. Ukiandika vitoa machozi, tutaviacha hivyo hivyo, na nitawaeleza watoto kwamba lugha moja ina majina mawili ya kitu hicho kwa sababu kimerushwa katika nchi zaidi ya moja. Nitaubandika katikati, pamoja na nakala ya kadi ya babu, na jina lako litaonekana au halitaonekana kama utakavyoagiza. Mkuu wa shule amekubali, baada ya mazungumzo marefu. Alihofia kwamba siku ya furaha itaingiliwa na huzuni, nikamwambia kwamba mwenzetu wa upande wa pili wa mpaka wa Horohoro haadhimishi siku nyingine, anaadhimisha hii hii.

Sikulazimishi. Ukinijibu kwamba jambo hilo ni la nyumbani kwenu na lisibandikwe ukutani kwa watu, nitakuelewa. Sitaweka hata kile ulichonieleza bwenini, kwa sababu uliniambia mimi, hukuliambia darasa.

Nimesitasita pia kuhusu tarehe hiyo itakapofika, Jumanne ya wiki tatu zijazo. Je, nikupigie simu siku hiyo, au nikuache hadi kesho yake? Nikisema pole badala ya heri, itakuwa sawa, au ninyi kwa ninyi mna neno mnalosalimiana siku ile? Kijana wa dada yako amepona mguu, na amerudi kazini? Analala vizuri? Dada yako mwenyewe yukoje, na je, bado anaimba kwaya? Kaka yako husema lolote kuhusu mwaka 1990 siku hizi, au ndiyo ameamua kunyamaza kabisa kama alivyofanya mzee wenu? Na wewe, mwaka jana mlipokuwa mkizunguka kumtafuta kijana, nani alikushika mkono?

Bahasha yenye stempu haitakusaidia huko, kwa hiyo Baba Salma, anayesafiri tarehe 20 kwa basi la Mombasa na kuendelea Nairobi, ndiye anayekuletea barua hii pamoja na kanga moja na pakiti mbili za iliki kwa mama yako. Atakaa kwenu siku nne. Ukiamua kuandika, mpe yeye.

Nisalimie wote, mkubwa kwa mdogo.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Zuhura