Mpwa wangu, usinunue gemu kwa ukubwa wa ramani

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na pale mwishoni ulipokuwa unagombana na dada yako kuhusu rimoti. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu swali lako naulizwa na wengi, na pia kwa sababu nikikujibu WhatsApp utasoma mistari miwili halafu uniwekee kidole gumba.

Unasema ulijichanga miezi kadhaa, ukanunua gemu mpya, ukaimaliza wikiendi moja, na sasa imekaa tu. Unataka nikutajie gemu ambayo hela yake haitaenda bure, na umenipa vigezo vitatu: ramani kubwa, picha kali, na stori ya masaa mengi. Mjomba wako anavikataa vyote. Ni vitu vizuri, sikatai, lakini sijaona hata kimoja kinachomrudisha mtu kwenye gemu akishaizoea.

Tuanze na ramani, maana ndiyo unayoishangilia zaidi. Mwaka 2016 ilitoka No Man's Sky. Hesabu yake ya sayari inaanzia kwenye kwintilioni 18, yaani 18 na sifuri kumi na nane nyuma yake. Hakuna binadamu atakayezimaliza, wala wajukuu zake. Na bado wiki za mwanzo watu walilalamika kuwa hakuna cha kufanya: unatua, unachimba madini, unaangalia mnyama wa ajabu, unaruka, unatua kwingine kufanya yale yale. Walioitengeneza wakakaa miaka wakiiongezea mambo bila kudai hela zaidi, na leo inasifiwa. Lakini kilichoiokoa ni shughuli walizoweka kwenye sayari zile zile. Sayari zenyewe hazikuwahi kuwa chache.

Sasa linganisha na Tetris. Najua unaiona gemu ya wazee, ile ya kwenye simu za vitufe. Vumilia kidogo.

Aleksei Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, akiwa mtaalamu wa kompyuta kwenye kituo cha Chuo cha Sayansi cha Usovieti, kwa mashine ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora picha. Vipande vilionyeshwa kwa alama za maandishi tu. Maumbo ni saba, kila moja lina miraba minne. Uwanja una upana wa miraba 10 na kimo cha 20. Ukijaza mstari, unafutika. Basi. Gemu nzima imeishia hapo.

Utamu wake umejificha kwenye hesabu ya pointi. Kwenye toleo la Nintendo la mwaka 1989, ukifuta mstari mmoja mwanzoni mwa gemu unapata pointi 40. Ukifuta minne kwa mpigo unapata 1,200. Piga hesabu: mistari minne, mmoja mmoja, inakupa 160. Na kipande pekee kinachoweza kufuta minne kwa mpigo ni ile fimbo ndefu. Kwa hiyo unajenga ukuta, unaacha upenyo mmoja pembeni, unasubiri fimbo. Ukuta unapanda. Fimbo haiji. Unajiambia nitasubiri vipande viwili tu. Vinakuja viwili, fimbo hakuna, na ukuta umekaribia juu. Ufunge upenyo uchukue pointi za huruma, au uendelee kungoja? Kwenye toleo hilo hakuna kanuni inayoilazimisha fimbo ije. Inaweza kupotea hata vipande thelathini. Matoleo ya baadaye yalirekebisha hilo kwa kuchanganya maumbo yote saba na kuyatoa yote kabla ya kuanza upya, hivyo fimbo haikawii kiasi hicho. Mimi nalipenda lile la zamani, lisilo na huruma.

Umeona kilichotokea? Swali ni moja, mchezo mzima: tamaa au usalama. Linaulizwa kila baada ya sekunde chache, na kila mara ukuta una sura nyingine, kwa hiyo jibu la jana halikusaidii. Babu yako, ambaye hajawahi kushika pedi, angekuelewesha hili kuliko mimi. Bao lake lina mashimo 32 na kete 64, halijaongezwa kitu tangu azaliwe, na bado kila alasiri anatoka kwenda kubishana na mzee yule yule kama vile jana hawakuonana.

Halafu kuna hili la watu kuendelea kuigundua. Kwenye lile toleo la Nintendo, ukifika hatua ya 29 kipande kinatoka juu hadi chini kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Kwa miaka mingi iliaminika huo ndio ukuta wa mwisho, kwa kuwa ukikandamiza kitufe cha pembeni, kipande kinagusa chini kabla hakijafika ukingoni. Wakatokea vijana wanaobofya kitufe kwa kutetemesha kidole. Kisha, mwishoni mwa 2020, mchezaji mmoja akaja na mbinu ya kugongagonga mgongo wa pedi kwa vidole kadhaa mfululizo, ili pedi yenyewe ndiyo iende kukutana na dole gumba. Hatua ya 29 ikawa ya kupita tu. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, alicheza mpaka hatua ya 157, gemu ikaganda. Ilishindwa yenyewe. Ilikuwa na umri wa miaka 34, haijaongezwa hata kipande kimoja, na mtoto ambaye wazazi wake huenda waliicheza wakiwa wadogo akawa bado ana jambo jipya la kufanya ndani yake.

Ndiyo maana nikitaka kujua kama gemu itadumu, naangalia kwanza kama nitakuwa naicheza vizuri zaidi mwezi ujao, na kama nitajua ni kwa nini. Hapo kwenye "nitajua ni kwa nini" ndipo gemu nyingi zinapoanguka.

Utaniambia, mjomba, basi bahati nasibu inatosha, gemu ibadilike kila ukiiwasha. Wazo hilo ni la siku nyingi. Karibu mwaka 1980, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitengeneza Rogue. Walichoka na gemu za kutafuta hazina ambazo ukishazijua hazina siri tena, hata kwa aliyezitunga. Wakataka inayoweza kuwashangaza wao wenyewe. Kompyuta inachora vyumba vipya kila mara, mchezaji ni alama ya @, mazimwi ni herufi kubwa kuanzia A mpaka Z, na ukifa umekufa, unaanza moja. Kutoka hapo umezaliwa ukoo mzima wa gemu.

Katika ukoo huo nitakupa moja tu, Slay the Spire, iliyokamilika mwaka 2019, kazi ya watu wawili pale Seattle. Inapatikana hadi kwenye simu, kwa hiyo usinitajie habari za mashine. Unapanda mnara ukipigana kwa kadi. Kila ukishinda pambano unaonyeshwa kadi tatu, unachagua moja, au unaziacha zote. Mgeni huchukua kila wakati, kwa kudhani nyingi ni bora. Baada ya muda anagundua kwamba kadi ya hovyo aliyoichukua mwanzoni ndiyo iliyomjia mkononi wakati zimwi lilipokuwa limebakiza kiduchu kufa. Na kuna kitu wametia ambacho nakiheshimu mno: juu ya kichwa cha adui inaonyeshwa anachotaka kufanya zamu inayofuata. Anapiga, na namba ya pigo imeandikwa. Anajikinga. Anataka kukudhoofisha. Hakuna kuviziwa. Kadi ni za bahati, ndiyo, lakini ukifa unajua umekufa kwa uamuzi gani, na mkono unaanza upya kabla hujakubali kwamba umechelewa kulala.

Gemu ikikuua bila kukuonyesha sababu, unaifuta. Ikikuua kwa sababu unayoiona, unairudia.

Kuhusu gemu za stori nitakuwa mfupi, maana hapo ladha zinatofautiana. Nyingi ni za mara moja, na si dhambi. Ila tazama Resident Evil 2 ya mwaka 1998 ilivyofanya. Unaanza na mmoja wa wahusika wawili, Leon au Claire, ukimaliza unacheza usiku ule ule kwa upande wa mwenzake. Kuna kabati lenye bunduki ya rasharasha na mkoba wa kiunoni. Ukivichukua raundi ya kwanza, wa raundi ya pili hatavikuta. Umejinyima mwenyewe, na unajua. Raundi ya pili inaanza kabla hujamaliza ya kwanza, pale unaposimama mbele ya kabati ukihesabu risasi. Na ile San Andreas uliyoikuta kwenye kompyuta yangu? Ya mwaka 2004, misheni zake nazijua zote. Narudi kuendesha baiskeli mlimani jua likizama. Hiyo sina nadharia yake.

Sasa niingie kwenye ninachokijua kwa mwili, banda la PS.

Hukuwahi kuliona lile la kwetu Magomeni. Televisheni mbili za kichogo, feni moja, benchi, na daftari la mwenye banda. Sheria ilikuwa mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka na kurudi nyuma ya foleni na jero nyingine. Gemu ilikuwa PES, ya mpira wa miguu, na ilipofika PES 6 ya mwaka 2006 tulikaa nayo muda ambao wenye duka la CD walitushangaa. Majina yenyewe yalikuwa ya kubabaisha kwa kukosa leseni: Liverpool inaitwa Merseyside Red, Chelsea inaitwa London FC. Hakuna aliyejali. Inter ilipigwa marufuku kwa makubaliano, kwa sababu ya Adriano. Akigeuka na mguu wa kushoto nje ya boksi, kipa anakuwa mtazamaji kama sisi wa kwenye benchi.

Palikuwa na jamaa mmoja fundi viatu, mkubwa kuliko sisi. Hakuwa akikimbia na mpira hata siku moja. Alikuwa anasubiri wewe ubonyeze kukimbia, mpira ukutoke mguuni nusu hatua, anauokota taratibu, pasi tatu, goli. Alitufunga hivyo mpaka tukajua. Tukaanza kutembea na mpira kama yeye. Basi akaanza kukaba kwa watu wawili. Tukajifunza krosi za haraka. Akamrudisha winga wake nyuma. Gemu ilikuwa ile ile kwenye CD ile ile iliyokwaruzika, lakini ya Jumatatu haikuwa ya Jumamosi, kwa kuwa yeye alikuwa amebadilika na sisi tumebadilika. Hakuna fundi wa programu anayeweza kukuuzia hicho kama nyongeza.

Ndicho kilichotokea California mwaka 2004, kwenye Evo, mashindano ya gemu za kupigana. Daigo Umehara wa Japani anacheza na Justin Wong wa Marekani, Street Fighter III: 3rd Strike, gemu ya mwaka 1999. Daigo amebakiwa na uhai kama uzi. Hata akijikinga kwa kawaida, pigo kubwa la mpinzani litamla kidogo kidogo na kummaliza. Njia pekee ni kusukuma kijiti kuelekea kwa adui, kwa wakati kamili, kwa kila pigo. Mapigo yalikuwa 15. Akayazuia yote, akajibu, akashinda raundi. Itafute video yake usikie ukumbi. Hayo yote yalijificha ndani ya gemu tangu siku iliyouzwa, yakingoja watu wawili waijue kiasi hicho.

Kabla hujaniambia kuwa nawe unayo gemu unayoirudia kila siku, ile ya simu: naijua. Inakupa zawadi ukiingia, siku ya saba sanduku la dhahabu, na ukikosa siku moja unaanza upya. Hiyo inakuita, wewe hujaitaka. Ubelgiji waliliangalia suala la masanduku ya bahati, yale unayoyalipia bila kujua ndani kuna nini, mwaka 2018, na tume yao ya michezo ya kubahatisha ikasema yale ya gemu za FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike yanavunja sheria ya kamari. Mwaka uliofuata EA, kampuni yenye gemu ya FIFA, ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Jiulize tu: leo wakifuta akaunti yako, sarafu, vazi la joka, kila kitu, je, kesho utaicheza kutoka sifuri? Mimi Tetris haijawahi kunitunzia kitu, na kesho nitaicheza.

Kwa hiyo kuhusu hela yako. Usinunue chochote mwezi huu. Gemu uliyonayo, ile uliyoimaliza wikiendi, ina ngazi ngumu kwenye menyu ambayo hukuigusa, nimeangalia. Icheze hiyo kwanza, ujue kama ilikuwa nyepesi au wewe ndiye uliyeipitia juu juu. Ikikukataa hata hapo, iuze ungali unapata bei. Chukua Slay the Spire wakati wa punguzo, na hela itakayobaki nunua pedi ya pili, tena ya kweli, achana na zile za mtumba za sokoni ambazo kijiti kinajiendea chenyewe kulia. Dada yako anakufunga, nimeambiwa. Mwache aendelee kukufunga mpaka ujue anakufungaje.

Ukija Dar likizo njoo nayo hiyo pedi, yangu moja kitufe cha R1 kimekufa. Na Inter bado ni marufuku.

Mjomba wako