Risala ya kikundi cha wachoraji kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufungua maonyesho ya picha dhahania, Kinondoni, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Ndugu Afisa Utamaduni wa Manispaa,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Walimu na wanafunzi mliokuja na daftari zenu za kuchorea,
Wachongaji wenzetu kutoka Mwenge,
Wazazi, majirani, mabibi na mabwana:

Kwa niaba ya wanachama wote wa kikundi chetu, nakukaribisha kwa heshima kubwa. Tulipoleta barua ofisini kwako tulidhani utatuma mwakilishi, maana shughuli za wilaya tunazijua. Umekuja mwenyewe. Kwetu hilo ni jambo kubwa, na tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa, tuko wachoraji 9, wanawake 4 na wanaume 5. Tunafanya kazi katika banda lililokuwa karakana ya seremala, hatua chache kutoka ukumbi huu, na kodi tunachangishana. Wapo waliosomea sanaa Bagamoyo, yupo aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wapo waliojifunzia mkono kwenye mabango ya saluni na maduka. Kinachotuunganisha ni aina ya uchoraji. Tunachora picha dhahania, zile ambazo ndani yake hutamkuta twiga, mlima wala sura ya mtu. Utakuta rangi, mstari, umbo, mkwaruzo, na nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi.

Ndiyo maana swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sasa hii ni picha ya nini?" Tunalipenda swali hilo, kwa sababu anayeuliza ameshasimama na kutazama. Jibu letu tumelipata hapahapa nyumbani. Mama wa pwani anayesuka ukili huamua zambarau ikae na kijani, huhesabu miyaa yake, hurudia na kuvunja mpangilio, na mkeka ukiisha tunausifu bila kutafuta mnyama ndani yake. Khanga ina pindo, mji na jina, na mara nyingi mji huo ni madoa na mistari mitupu. Hata hivyo mteja atafunuliwa mzigo mzima dukani mpaka aione ile moja iliyomgusa. Wachongaji wa Kimakonde nao wana mtindo wa mawingu, ambao mpingo huchongwa ukawa mawimbi na matundu, bila kichwa wala mkono. Wenzetu wa Mwenge waliokaa mbele hapa wanaujua kuliko sisi. Kwa hiyo tukisikia kwamba uchoraji huu ni mambo ya kigeni, tunasikitika, maana macho ya watu wetu yamezoea uzuri wa namna hii tangu utotoni.

Hatusemi haya kwa kuwabeza wengine. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianzia hapa Dar es Salaam na mbao nyembamba na rangi za kopo, akaacha kazi inayolisha familia nyingi mpaka leo pale Oysterbay. Tunamheshimu. Tunachoomba ni kwamba mnunuzi anayeingia bandani kwetu asishangae kukosa simba, wala asihitimishe kwamba sisi si wachoraji wa Tanzania.

Mheshimiwa, naomba nieleze kwa kirefu kidogo siku inavyokwenda bandani, kwa kuwa wengi huiona picha ikiwa tayari ukutani.

Kazi huanza mapema kwa ajili ya mwanga. Kuanzia saa moja asubuhi hadi kama saa nne, mwanga unaoingia kwa mlango mkubwa ni mweupe na umetulia, na rangi huonekana ilivyo. Alasiri jua huwa la manjano, na bluu uliyoiamini asubuhi inakuwa imeelekea ukijani. Usiku, chini ya taa, hatuamui rangi kabisa. Tunakata mbao, tunapiga msasa, tunaosha brashi.

Mwenye uwezo hununua turubai ya kuchorea inayotoka nje. Wengi wetu tunatumia marekani nzito, tunaiwamba kwenye fremu ya mbao na kuipaka tabaka za gundi na rangi nyeupe ili isinywe rangi tutakayoweka juu. Mwenzetu mmoja husaga udongo mweupe wa vilima vya Pugu, ule wa kaolini, akauchekecha na kuuchanganya na gundi, na uso wa picha zake umekuwa na ukavu kama wa ukuta wa chokaa wa nyumba za kale. Mwingine anatumia masizi na udongo mwekundu. Walianza hivyo kwa sababu rangi za kununua ni ghali. Sasa hata wakipewa rangi za bure hawataacha, maana wamepata rangi ambayo haiuzwi dukani.

Chini ya bati, joto la mchana hukausha akriliki, rangi inayochanganywa na maji, kwenye brashi kabla haijagusa kitambaa, kwa hiyo kila mmoja ana chupa ya kunyunyizia maji. Rangi ya mafuta ina tabia nyingine. Tabaka nene laweza kukaa miezi kabla halijakauka mpaka ndani, na tabaka la juu likiwa na mafuta machache kuliko la chini, picha hupasuka baadaye, pengine ikiwa tayari nyumbani kwa aliyeinunua. Kwa sababu hiyo picha za mafuta mtakazoziona leo tulizianza mapema kuliko nyingine zote. Masika nayo huleta ukungu nyuma ya kitambaa, na hapo tunaziinua picha juu ya vigingi, mbali na ukuta, hewa ipite.

Lakini sehemu kubwa ya kazi yetu haionekani kuwa kazi. Ni kukaa kwenye stuli na kutazama. Jirani akipita humkuta mchoraji ametulia saa nzima bila kushika brashi, na tunaelewa anavyofikiri. Naomba tuaminiwe: hapo ndipo penye uzito wote. Anayemchora mbuzi, mbuzi mwenyewe atamsaidia kujua kama masikio yamekaa vizuri. Sisi hatuna cha kulinganishia nje ya picha. Lazima tujiulize kama wekundu ule wa pembeni unalitoa jicho nje, kama mstari unaobeba upande wa kushoto umechoka, kama picha imeisha au tumeichoka sisi tu. Tunaipindua juu chini. Tunaitazama kwenye kioo. Tunaigeuza ielekee ukutani kwa wiki kadhaa, kisha Jumatano jioni, siku yetu ya kukosoana, tunaigeuza mbele ya wenzetu na kusikiliza. Nimemwona mwanachama mmoja akikwangua kwa msasa eneo alilolipenda kuliko mengine yote, kwa sababu uzuri wake ulikuwa unaiua picha iliyobaki. Alifanya vyema. Picha hiyo iko ukuta wa kushoto, ile ya kijivu na kijani kizito. Ameiita Bamvua, kwa kuwa amezaliwa kisiwani Mafia na maji makubwa ameyajua tangu mtoto.

Majina haya nayo yametugawa. Baadhi yetu wanaona jina linamfunga mtazamaji, akaanza kutafuta bahari badala ya kutazama rangi. Wengine wanaona jina ni adabu, kama kumpa mgeni pa kukaa kabla ya mazungumzo. Tumekubaliana kila mtu afuate moyo wake, ndiyo maana kuna vibao vilivyoandikwa "Bila jina".

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maonyesho yana kazi yake mbali na uchoraji. Ukutani leo kuna kazi 31. Zilizobaki bandani ni nyingi zaidi, na baadhi yake ni nzuri kuliko hizi. Tuliziacha kwa sababu haziendani na jirani zake. Picha mbili zenye sauti kubwa zikikaa pamoja hugombana na zote mbili zikaonekana dhaifu. Picha ndogo iliyonyamaza ikitundikwa peke yake kwenye ukuta mpana hupata nguvu ambayo bandani hatukuwahi kuiona. Kwa hiyo tulizipanga zote sakafuni, zikiegemea ukuta, tukazihamisha na kuzirudisha mpaka tukaridhika. Kisha tukavuta uzi sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho, na katikati ya kila picha ikafuata uzi huo. Kwa ajili ya wanafunzi wetu wadogo tumezishusha kidogo zile za chumba cha nyuma.

Tukapiga kila kazi picha, tukaandika orodha: jina, mwaka, vifaa, ukubwa, bei. Bei ndiyo iliyotusumbua kuliko yote. Mchoraji akihesabu mbao, kitambaa, rangi na kodi ya banda, bado hajahesabu ile saa ya kwenye stuli. Tumeamua kuihesabu, na tunaomba wageni wetu waipokee bei kwa moyo huo. Asubuhi ya kuhamisha, kirikuu ilikuja na kurudi, picha zikiwa zimefungwa blanketi na vipande vya sponji kwenye kona, na vijana wa mtaa walizibeba kwa uangalifu uliotugusa sana. Wapo hapa leo. Tunawashukuru.

Tunajua hatuanzi sisi. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Kilimanjaro, alifanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1980 Makumbusho ya Taifa, hapa Dar es Salaam, na mwaka 2024 kazi zake za zaidi ya miaka 40 zikakusanywa pamoja kule Edinburgh. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, alipata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, na khanga imo waziwazi katika kazi zake. Elimo Njau wa Marangu alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Kampala wana Nommo Gallery tangu mwaka 1964. Wasichana wanne wa kikundi hiki huwa wanayataja majina ya akina mama wawili, Everlyn na Lubaina, wanapochoka.

Maombi yetu, Mheshimiwa, ni machache. La kwanza ni kuta. Majengo ya umma ya wilaya yetu yana kumbi na ngazi ambazo mamia ya wananchi hupita kila siku. Tupatiwe ukuta mmoja tu, tutauhudumia wenyewe, tutabadilisha picha kila baada ya miezi mitatu, na hatutadai malipo. La pili ni shule: tunaomba idhini ya kuwapokea wanafunzi bandani siku za Ijumaa, wasage udongo, waone namna rangi inavyozaliwa. La tatu ni hakimiliki. Picha ya mmoja wetu ilichapishwa kwenye vitambaa na mfanyabiashara ambaye hakumuuliza, naye hakujua pa kuanzia. Tunaomba utusaidie kuwaalika maafisa wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, waje watuelimishe, sisi na vikundi vingine vya wilaya.

Mheshimiwa, kabla hujakata utepe, tuna ombi dogo la ziada. Chagua picha moja, yoyote, usimame mbele yake muda mrefu kuliko ulivyozoea, kisha uende karibu uone mikwaruzo, urudi nyuma uione tena nzima. Wachoraji wamesimama kila mmoja kando ya kazi zake na wako tayari kuzungumza nawe. Chai, maandazi na vitumbua viko upande wa bustani, vimeandaliwa na mama zetu wa mtaa.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama