Barua kwa Nesi, kabla sijaondoka kwenda Bulombora

Lushoto,
Jumapili jioni.

Kwako Nesi wangu,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Ukungu umeshashuka, na ninaandika nikiwa nimejifunika khanga mbili. Raba zimefika. Konda alimkabidhi mama stendi zikiwa zimeviringishwa kwenye gazeti, nami nikazivaa hapo hapo nikazunguka nazo ndani mpaka baba akauliza kama nimeanza kwata mapema. Kwa soksi zinabana kidogo ila zitaachia. Maelekezo ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, yanataka raba za kijani au bluu, na hizi zako ni bluu, kwa hiyo umetuondolea jambo ambalo nyumbani lilikuwa bado halijapata jibu. Bukta ya bluu iliyokolea ninayo, fulana ya kijani ninayo, shuka mbili za bluu bahari mama kazipata mnadani. Imebaki nauli. Nimepangiwa Bulombora, Kigoma, na wewe unajua kwamba mbali kabisa nilikowahi kufika ni Morogoro shuleni.

Ningeweza kukupigia kwa simu ya mama. Lakini ninayotaka kukuambia hayaenei kwenye dakika za kifurushi, tena baba yuko chumba cha pili na kuta zetu unazijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kama zamani tulipokuwa tunaandikiana vikaratasi huku tumekaa dawati moja.

Uliniuliza tulimalizaje kidato cha sita. Pepa ya mwisho ilipokusanywa nilidhani nitapiga kelele kama wenzangu. Sikupiga. Nilibaki kitini mpaka msimamizi akaniambia, "Binti, umeshamaliza." Nje walikuwa wanaandikiana kwenye mashati kwa kalamu za rangi, wengine wanalia, wengine wameshaburuta matranka hadi getini. Nikaenda bwenini kutandua. Chini ya godoro nikakuta kile kikaratasi chako cha kidato cha nne, uliponiandikia kwa wino mwekundu: "F = ma. Na usisahau kula." Nimelalia maneno hayo miaka miwili. Hapo ndipo nililia, peke yangu, nimekaa kwenye chaga tupu za kitanda.

Mahafali yenyewe yalikuwa kabla ya mitihani, kama kawaida. Mgeni rasmi alichelewa, risala ikasomwa, keki ikakatwa, nikaitwa mbele kupokea cheti cha mwanafunzi bora wa fizikia. Kilichonigusa zaidi siku ile ni mama. Alitoka hapa alfajiri, akateremka Mombo, akapita Korogwe, Segera, Chalinze, akafika Morogoro jua linawaka, na kikapu cha mapeasi kichwani. Alikuwa hajawahi kuja shuleni kwetu. Nilipoitwa jina alisimama, na kwa kuwa hakujua kama inaruhusiwa kupiga kigelegele mbele ya mgeni rasmi, akabaki amesimama tu, mikono kifuani, mpaka nikarudi kukaa.

Sasa nikusimulie usiku mmoja, kwa sababu ndio uliozaa haya mengine yote.

Ilikuwa wiki ya praktiko ya fizikia. Baada ya prepo, msichana mmoja wa kombi yetu ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, alinifuata akiwa na daftari na macho mekundu. Kwenye mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio, alikuwa ameanguka vibaya, na walishamzoesha kuamini kwamba kichwa chake hakishiki. Akaniambia kuna jambo moja linamkera tangu kidato cha tatu: ukiunga sambamba vikinzani viwili, vile vifaa vya kuuzuia umeme, kimoja cha omu 6 na kingine cha omu 3, jibu ni omu 2. Kanuni anaijua, hesabu anaipata. "Lakini inawezekanaje," akasema, "niongeze kizuizi, halafu kizuizi kipungue?" Alikuwa ameshawahi kuuliza, akajibiwa akariri tu.

Nesi, lile lilikuwa swali lako! Lile lile, tukiwa kwenye darasa lisilo na vioo, na mimi sina jibu.

Nikamwambia afikirie shamba letu. Maji yanatoka kwenye kijito cha juu, baba ameyavuta kwa mpira mmoja mwembamba mpaka kwenye kabichi. Ule wembamba ndio ukinzani. Maji yanapita kwa shida. Baba akileta mpira wa pili, hata kama ni mwembamba kuliko wa kwanza, akautega kwenye kijito kile kile ushuke hadi shamba lile lile, maji yatakayofika yatakuwa mengi au machache? Akasema mengi. Nikamuuliza, basi ameongeza kizuizi au ameongeza njia? Alinyamaza muda mrefu. Kisha akachukua daftari lake, akachora mipira miwili, na chini ya mchoro akaandika: njia. Halafu akaniuliza, mwenyewe, bila mimi kumchokoza: "Kwa hiyo nikiunganisha mpira kwenye ncha ya mpira, mmoja ufuate mwingine, ndiyo maana zinajumlishwa?"

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Cheti kile cha mahafali nilikipokea kwa furaha, ila hakikunifanya nikose usingizi. Usiku ule sikulala. Kila jioni baada ya hapo walikuja wawili, watatu, mwisho tukawa tunajaza chumba kizima, tukichukua mpaka maswali ya BAM, lile somo la hesabu, yaliyokuwa yanawatisha. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Mwalimu wetu wa fizikia alipohama tukiwa kidato cha pili na asije mwingine, tulibaki wanafunzi 11 na kitabu kimoja. Wote wanakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasimama ubaoni. Wanasahau kwamba ni wewe uliyekuwa unakaa mbele na kusema "sijaelewa" bila aibu, mpaka nirudi kitabuni usiku na kibatari nitafute njia nyingine ya kulisema jambo. Bila zile "sijaelewa" zako ningekuwa najua kukariri tu.

Hili nalo lazima niliandike, kwani lilinikaa rohoni na sikuwahi kulitamka. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, wewe ukachagua kwenda chuo cha uuguzi badala ya kidato cha tano, watu hapa kijijini walisema umeshuka. Hata kanisani walisema. Na mimi nilikaa kimya. Nilikuwa na divisheni wani yangu, napongezwa kila kona, nikaona nikikutetea nitaharibu sherehe. Nisamehe kwa kimya kile. Wewe leo ni mwaka wa pili na umeshashika mkono wa mama anayejifungua. Mimi bado nasubiri matokeo ya Julai.

Na ni barua yako ya Februari iliyonipa maneno ya kusema nyumbani. Ulinisimulia siku mlipoulizwa wodini: dripu ya lita 1, iishe kwa saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa mililita, je, utahesabu matone mangapi kwa dakika? Wenzako wakaangalia chini. Wewe ukaona matone 20,000, dakika 480, ukajibu kama 42. Ukaniandikia kwamba ulipojibu ulisikia harufu ya chaki ya darasa letu. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi mno.

Basi jambo lenyewe ni hili. Sitaomba udaktari. Chaguo langu la kwanza litakuwa shahada ya sayansi na elimu, fizikia na kemia. Nataka kuwa mwalimu wa sekondari, tena shule ya kata, shule kama yetu.

Najua utakachosema kwanza: baba. Baba ameshawaambia wapakiaji wote wa malori ya kabichi pale Lukozi kwamba binti yake anakwenda kuwa daktari. Siwezi kumlaumu. Unakumbuka bibi alivyobebwa kwa machela kutoka huku hadi barabarani, mvua inanyesha, na gari likachelewa. Ndoto ya baba ilianzia kwenye machela ile. Na amenigharamia kwa kweli. Ada ya kidato cha tano na sita ilishaondolewa tangu 2022, lakini tranka, godoro, nauli na michango havikuondolewa. Aliuza dume lake ili nifike Morogoro nikiwa na kila kitu kwenye orodha. Mtu kama huyo huwezi kumwambia neno hili ukiwa unapita mlangoni.

Tena anazo hoja. Kuna kijana wa jirani amemaliza shahada ya ualimu na sasa anaendesha bodaboda, miaka inakwenda, anaomba ajira kila tangazo likitoka. Siku hizi hata walimu wanaitwa kwenye usaili, na wanaojitokeza ni wengi kuliko nafasi. Sijifanyi sioni. Nimelifikiria hili usiku mwingi: inawezekana nikakaa miaka bila ajira ya serikali. Lakini nimekaa pia kwenye darasa ambalo miaka miwili hakuna aliyekuja kufundisha fizikia, na katika wale 11 nawajua wawili waliokuwa na akili kuliko mimi, ambao leo wako shambani kwa sababu hiyo tu. Mmoja nilimkuta juzi anapalilia viazi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama ni kweli nimesoma fizikia mpaka kidato cha sita, na alivyolitaja lile neno fizikia niliona bado analipenda.

Mama nilimwambia jana, tukiwa tunachambua maharage. Hakuinua kichwa. Nikaendelea kueleza, nikamweleza habari ya mipira ya maji, nikamweleza habari ya dripu yako. Alipomaliza ungo mzima ndipo akasema, "Huyo Nesi, hesabu hiyo ulimfundisha wewe?" Nikasema tulifundishana. Akachukua ungo mwingine. Baadaye kabisa akasema, "Mwambie baba yako akiwa ameshakula." Kwa hiyo leo usiku, akishakula.

Kuhusu mambo ya chuo, nimejipanga kadiri ninavyoweza, maana maombi yatafunguliwa nikiwa kambini na miezi mitatu ile siwezi kuzunguka. Siku hizi unaomba moja kwa moja kwenye chuo chenyewe, na vyeti halisi tumeambiwa twende navyo JKT kwa ajili hiyo hiyo. Nimewaza Chuo Kikuu cha Mlimani kule Dar es Salaam, nimewaza cha Dodoma. Mkopo wa masomo ndio unaonitia wasiwasi. Kwa ajili yake, cheti changu cha kuzaliwa nimeshakipeleka RITA, wale wanaosajili vizazi, kihakikiwe, nimelipia pale steshenari ya stendi, na kijana wa pale amenihifadhia kila kitu kwenye flashi. Shangazi, ambaye alipita JKT kabla halijasitishwa 1994, ananiambia nisiwaze makaratasi: nikifika nilale mapema, ninywe maji, na nijifunze nyimbo za mchakamchaka haraka, kwani anayeimba hachoki. Tangu jeshi hilo lirudi kuchukua wahitimu 2013 kila anayetoka hapa kijijini hupitia kwake kwanza kupewa mawaidha hayo. Nami nimepewa, pamoja na chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka miguuni.

Mtihani wa utamilifu nilipata wani ya pointi 8: B ya fizikia, C ya kemia, C ya baiolojia. Nikirudia hiyo hiyo nitashukuru. Kemia nina hofu nayo, kwa sababu kwenye titresheni, lile jaribio la kudondosha kimiminika mpaka rangi ibadilike, nilipitiliza rangi mara ya kwanza, nikarudia, na mkono ulikuwa unatetemeka. Mara mbili zilizofuata zilikaribiana, namshukuru Mungu.

Nina maombi mawili kwako. La kwanza: niandikie, hata kama barua zitachelewa. Simu kambini hatutakuwa nazo, na nataka kusikia unaendeleaje na zamu za usiku, na kama yule mama wa mapacha alirudi kliniki.

La pili ni kubwa. Ndani ya bahasha hii kuna kikaratasi kidogo chenye namba yangu ya mtihani. Matokeo yakitoka nitakuwa Kigoma, sijui nitayapata saa ngapi. Yaangalie wewe, kisha mpigie mama kabla wambea hawajamfikia. Ukikuta ni mazuri, msomee somo moja moja, polepole, uanze na fizikia. Ukikuta siyo, mwambie pia, kwa sauti yako ile unayowaambia wagonjwa, na umwambie nitarudi Septemba tukae tupange upya. Baba naye ataomba simu, namjua. Akikuuliza habari ya udaktari, usimfiche. Msimulie ile dripu.

Nasikia anaita chakula. Barua hii nampa konda wa basi la asubuhi la Tanga.

Mimi wako,
wa dawati la dirishani.