Mama wa Garissa, leso yako bado ninayo

Mama, jina lako sikuuliza. Ilikuwa alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi kabla ya Pasaka. Magaidi wa al-Shabaab walikuwa wamevamia chuo chetu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, Kenya. Nilikuwa nimeruka ua wa chuo, miguu mitupu, nguo ya kulalia imechanika begani, na milio ya risasi ikisikika nyuma yangu. Ulifungua mlango, ukanivuta ndani, ukavua leso uliyojitanda ukanifunika. Kisha chai ya maziwa yenye iliki. Mikono ilinitetemeka hata ukanishikia kikombe mwenyewe. Hukuniuliza dini wala kabila.

Siku ile watu 148 waliuawa, 142 kati yao wanafunzi. Wenzangu. Wengi wetu tulionusurika tulihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, nami huko ndiko nilikomalizia masomo. Garissa pakafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 pakawa chuo kikuu kamili. Nililia nilipopata habari hiyo.

Kila orodha ya ubora wa vyuo inapotoka, watu huniuliza Garissa iko nafasi ya ngapi. Orodha hizo huhesabu utafiti na machapisho, na ni haki yake. Mimi nikisikia Garissa nakumbuka mlango wako.

Leso ninayo, mama. Ile ya maua mekundu, pindo limefumuka upande mmoja. Mwanangu nimembeba mgongoni nayo tangu akiwa mchanga. Ukisomewa haya na wajukuu, pokea shukrani zangu. Asante, asante sana.