Bao limenaswa, mfungaji haonekani: kwa nini video za michezo hutoka na ukungu

Malalamiko tunayopokea zaidi kutoka kwa makocha na wazazi ni haya: bao limo kwenye video, lakini uso wa mfungaji ni ukungu mtupu, huku mashabiki walio nyuma yake wakionekana hadi maandishi ya fulana zao. Kijana anayetafuta timu hawezi kumpelekea mtu video kama hiyo. Na hakuna programu ya kuhariri itakayoiokoa. Ukiongeza makali ya picha, kingo zinakuwa ngumu lakini uso haurudi.

Kabla ya kulaumu fokasi, yaani umbali ambao lenzi imelenga ili picha itoke safi, simamisha video pale ilipoharibika utazame nyasi. Kama nyasi za nyuma zimetoka safi na mchezaji ndiye hafifu, fokasi imempita. Kama namba ya jezi inasomeka vizuri ila mguu na mpira vimeacha mkia, fokasi iko sawa; shata, yaani muda ambao kamera huacha mwanga uingie kwa kila picha, ndiyo ilikuwa ya polepole. Mpira unaokwenda mita 25 kwa sekunde husogea nusu mita nzima shata ya 1/50 ya sekunde ikiwa wazi, na sentimita 5 tu kwa 1/500. Mchana hatushuki chini ya 1/250.

Fokasi yenyewe ni kazi nzito zaidi. Chukua lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga), tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa wazi sana, f/2.8, mchezaji yuko mita 20. Eneo linalotoka safi, mbele na nyuma yake kwa jumla, halifiki mita 2. Ferdinand Omanyala alipomaliza mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, alikuwa anakata wastani wa zaidi ya mita 10 kila sekunde. Mkimbiaji wa kasi hiyo akikujia moja kwa moja, anavuka eneo hilo lote kabla hata robo ya sekunde haijaisha. Ukibana tundu hadi f/8, eneo linakaribia mita 5, na hapo kamera inapata nafasi ya kumfuata.

Kwa hiyo wateja wanaotuomba ule mwonekano wa sinema, nyuma kukiwa kumeyeyuka kabisa, tunawaambia wazi: kwa mahojiano, sawa, kwa mechi, hapana. Kamera nyingi za matangazo ya mpira hutumia sensa ndogo ya theluthi mbili za inchi, na ni sababu mojawapo ya uwanja kuonekana safi hadi upande wa pili.

Mahali pa kusimama panaamua mengi. Tukiwa juu kidogo, karibu na mstari wa katikati, wachezaji wengi hupita kwa ubavu na umbali wao haubadiliki ghafla. Nyuma yao pia kuna nyasi tupu, si nyuso za watu zinazovuta fokasi. Tunapunguza pia wepesi wa kamera kuruka kwa kitu kipya, ili mshika kibendera akikatiza mbele, fokasi ibaki kwa mchezaji. Nyuma ya goli ni balaa, kwa sababu fokasi otomatiki hushika wavu. Hapo tunasogeza lenzi karibu kabisa na wavu mpaka nyuzi zipotee, kisha tunaweka fokasi kwa mkono kwenye eneo la penalti. Mbio fupi ni rahisi zaidi: fokasi inawekwa mapema kwenye mstari wa kumalizia, tunasubiri.

Jambo moja liko mikononi mwenu waandaaji, nalo ni saa. Mechi ya saa kumi jioni hapa Nairobi inaisha karibu na saa kumi na mbili, jua likielekea kuzama. Mwanga ukipungua lazima tufungue tundu, na yale mita 5 yanarudi kuwa 2 katika dakika zile za mwisho ambazo mabao mengi ya kukumbukwa hufungwa. Mkiweza kuanza saa nane, anzeni saa nane.

Kama unayo video iliyoharibika, tutumie sekunde 10 zake kabla ya kununua lenzi nyingine. Tutakuambia kama kosa ni la fokasi au la shata, kwa sababu shata hurekebishwa kwenye menyu ya kamera bila kutoa hata shilingi.